Vitabu vya likizo ndefu, mtoto achague mwenyewe: shajara ya mradi

Kabla shule hazijafunga

Naandika hii ili msimu ujao tusianze kubishana upya kama vile hatukuwahi kukaa kikao. Duka letu ni la vitabu vya watoto tu, na kila shule zikikaribia kufunga swali linaloingia mlangoni ni lile lile, "nina wa miaka 8, nimchukulie nini asome likizo?", na huyo wa miaka 8 mwenyewe unamuona yuko pale pale pembeni ya mama yake, macho yote kwenye standi ya katuni, na hakuna hata mmoja anayemuuliza yeye. Basi mradi wa safari hii umesimama kwenye hicho kitu kimoja: orodha tutatoa, matukio tutafanya, ila anayechagua ni mtoto. Mzazi ashauri, alipe, abebe mfuko, yatosha.

Na sio kwamba tumejitungia. Richard Allington na Anne McGill-Franzen walifanya utafiti kule Florida, Marekani, wakautoa 2010, walichukua watoto wa shule zenye familia za kipato kidogo wakawapangia vitabu kama maonyesho kabla ya likizo, kila mtoto akachagua 12 anavyotaka yeye akaenda navyo nyumbani viwe vyake moja kwa moja, wakarudia hivo likizo tatu mfululizo. Mwisho wa siku hao watoto wakawapita kwenye mtihani wa kusoma wenzao ambao hawakupewa. Na usifikiri walikuwa wanachagua vitabu vizitooo vya kumfurahisha mwalimu, vilivyogombaniwa ni vya mastaa wa muziki na wahusika wa kwenye tivii.

Kuna namba nyingine inatajwa sana likizo zikifika, ile ya Harris Cooper na wenzake ya 1996, kwamba kwa wastani mtoto anarudi shule akiwa amepoteza kama mwezi mmoja wa masomo na hesabu ndo zinaumia zaidi. Bosi alitaka tuichape kwenye bango. Nikamwambia watafiti waliokuja baadae wanabishia jinsi hayo mahesabu yalivyopigwa, afu hata kama ni kweli tupu, mzazi aliyeingia na hofu ananunua kitabu cha mazoezi, hanunui hadithi. Bango likafa.

Ubishi wa zawadi

Hapa ndo palichimbika. Bosi anataka chati kubwa ukutani, mtoto akimaliza kitabu anabandika stika, anayeongoza likizo ikiisha anaondoka na zawadi nono. Mimi na kaka wa stoo tukagoma.

"Sasa mwanangu, stika nayo imekukosea nini?"

"Stika haina tatizo mama, tatizo mbio. Anayesoma kitabu kinene polepole anashindwa na anayeruka kurasa."

Nikamletea ule utafiti wa wanasaikolojia Lepper, Greene na Nisbett wa 1973. Walienda chekechea wakawapata watoto ambao tayari wanapenda kuchora na makapeni bila kuambiwa na mtu. Kundi moja wakaliahidi cheti chenye utepe ukichora, kundi la pili likapewa cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu halikupewa kitu. Wiki chache baadae makapeni yakarudishwa mezani wakati wa kucheza, wale walioahidiwa wakawa wanayagusa kama nusu tu ya muda wa wenzao, wale wa kushtukizwa wao wala, wako vile vile. Yaani kitu ulichokuwa unakifanya kwa raha kikigeuka kazi ya malipo, malipo yakikatika na wewe unakaa pembeni.

Tulipokutana katikati ni kwenye mfano wa Uingereza, wana mpango wao wa kusoma likizo tangu 1999 unapitia maktaba za umma, watoto wa miaka 4 hadi 11, lengo la kawaida vitabu 6 basi, ukifika unapata cheti au medali na hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Kwa hiyo sisi tumechapa kadi ya visanduku 6. Katuni inahesabika, kitabu ulichosomewa na bibi kinahesabika, kitabu kile kile mara tatu ni visanduku vitatu na hatutaki maswali. Zawadi haikutangazwa. Kama siku moja mtoto anakuta alamisho ya kitabu ndani ya mfuko wake hiyo ni bahati yake, sisi hatujui imetoka wapi.

Rafu na orodha

Kazi iliyokula muda kuliko zote na sijutii hata kidogo. Orodha yetu ni karatasi moja pande mbili, haijapangwa kwa umri, imepangwa kwa mtoto anataka nini: nataka kucheka, nataka kuogopa kidogo, nataka vitu vya kweli, nataka picha tu, nataka kusomewa. Umri tumeuandika pembeni kwa herufi ndogo, kwa ajili ya mashangazi wanaonunua zawadi ya mtoto ambaye hawajaonana siku nyingi.

Kwa wachanga tumeweka vya kadibodi, pembe za mviringo, picha kubwa zenye weusi na weupe unaogombana maana jicho la mtoto mchanga linashika hizo kwanza. Na mjue vitatafunwa, kwa hiyo nakala moja ya kila aina ni ya kutafuniwa hapa hapa dukani na hatumdai mtu.

Vitabu vya picha ndo vinaleta malalamiko ya "mbona kifupi hivi". Vingi vina kurasa 32, sababu ni ya kiwandani, karatasi kubwa inachapwa inakunjwa inatoa kurasa 16, ukiunganisha mikunjo miwili ndo hiyo 32, waandishi na wachoraji wamejizoesha kupumua humo humo. Ila ufupi wa kurasa sio uhaba wa lugha. Donald Hayes na Margaret Ahrens mwaka 1988 walihesabu maneno wakakuta vitabu vya watoto vina maneno adimu mengi kuliko maongezi ya kawaida ya watu wazima waliosoma mpaka chuo. Hii nimeishaisema kaunta mpaka dada wa kaunta anaimalizia yeye.

Vitabu visivyo na maneno kabisa, hapa nina upendeleo na nakiri. Mzazi anafungua anakuta picha tupu anadhani anaibiwa. Mwaka 2012 shirika la IBBY, lile la kimataifa la vitabu vya watoto, lilianzisha mradi wa kukusanya vitabu vya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali kwa ajili ya kisiwa cha Lampedusa, Italia, ambako wakimbizi kutoka Afrika na Mashariki ya Kati walikuwa wanafikia kwa boti, na kisiwa chenyewe kikapata maktaba ya watoto. Hesabu yake ni nyepesi, watoto waliokaa benchi moja na lugha tano tofauti wanaweza kufungua kitabu kimoja wakasimuliana. Nyumbani nako kinafanya kazi hiyo hiyo kwa babu asiyeona vizuri herufi ndogo na mjukuu asiyejua kusoma bado, wote wako sawa.

Wanaoanza kusoma wenyewe tunawafundisha ile ya vidole vitano. Fungua ukurasa wowote wa katikati, soma, kila neno usilolijua kunja kidole, ukimaliza ukurasa umekunja viwili vitatu hicho ni chako, ngumi nzima hicho ni kigumu kwa sasa. Tumeongeza la kwetu: ngumi nzima na bado unakitaka, chukua, mtu mkubwa akusomee. Kuna dogo alikunja vidole vya mkono wote akaanza na wa pili, akakumbatia kitabu kifuani, akasema "hiki hiki". Cha nyangumi, kurasa mia na ushee. Sawa baba, beba.

Vitu vya kweli, yaani anga, papa, dinosaria, mashine, miili ya watu, ndo mlango wa watoto wanaoambiwa hawapendi kusoma wakati wanachokikataa ni hadithi tu. Hii rafu inataka ukaguzi wa mwaka wa kuchapwa. Kaka wa stoo alifukua kitabu cha anga kizuri sana, jalada ngumu, picha za hatari, ndani sayari 9. Pluto ilitolewa kwenye orodha ya sayari 2006, kwa hiyo kitabu ni cha zamani. Alikuwa anakitupa, mimi nikasema hapana, tukakiweka mezani na kibao "kuna kosa humu, litafute". Hakiuzwi. Ndo kitabu kilichofunguliwa kuliko vyote dukani msimu huu, vidole vimekimaliza.

Halafu jalada mbele. Mtoto ambaye bado anaunganisha herufi hawezi kuchagua kwa kusoma mgongo wa kitabu, anachagua kwa uso wake, na uso ukiwa kwenye rafu ya juu ya kichwa chake huo ni uso wa mtu mzima tu. Tukashusha, tukageuza. Bosi akapiga hesabu ya nafasi, kweli rafu inabeba vichache sana ukivigeuza hivo, tukakubaliana rafu mbili za chini zinageuka, za juu zinabaki migongo kwa ajili ya wazazi.

Jumamosi ya kwanza, saa ya hadithi

Walijaa kuliko mikeka. Utaratibu wetu sio ule wa kusoma mwanzo mwisho watoto wamekunja mikono, tunafuata ule wa kusoma kwa kuongea ambao Grover Whitehurst na wenzake waliuandika 1988, unauliza, unasubiri, unalirudia jibu la mtoto ukiliongezea nyama kidogo, polepole yeye ndo anakuwa msimuliaji na wewe msikilizaji. Raha yake unaisikia, taabu yake ni kwamba kurasa 32 zinakula nusu saa. Tulikwama kwenye ukurasa wa tatu kwa sababu binti mmoja aliona paka kwenye picha mkia hauonekani.

"Anti, mkia wake uko wapi?"

"Wewe unaonaje?"

"Ameukalia."

"Hapana, umeliwa," akadakia mwingine, na hapo ndo hadithi ya mwandishi ikawekwa pembeni kwa muda mrefu tu. Mzazi mmoja nyuma akaangalia saa. Sikumlaumu, ila sikuharakisha.

Jambo la kubadilisha: wadogo chini ya miaka 3 wapewe saa yao ya asubuhi kabisa, dakika kumi na tano zinawatosha, wakichanganywa na wakubwa hakuna anayepata chake.

Kamishibai

Hili lilikuwa wazo la dada wa kaunta na limetubeba. Kamishibai ni sanaa ya Japani ya kusimulia kwa picha za karatasi, ilishamiri miaka ya 1930, msimuliaji anakuja na baiskeli amefunga kisanduku cha mbao nyuma, anagonga vipande viwili vya mbao, watoto wanakimbilia, anawauzia peremende ndo mapato yake, anayenunua anakaa mbele. Tivii ilipoingia majumbani miaka ya 1950 baiskeli zikapungua.

Kisanduku tulikitengeneza kwa boksi gumu la mzigo wa vitabu, tukakata dirisha mbele na mwanya ubavuni wa kuchomolea kadi. Ujanja ambao watoto hawakuamini mpaka walipozungukia nyuma ni wa maandishi: picha ya kwanza inawatazama watazamaji, maneno yake yako mgongoni mwa kadi ya mwisho, ile inayokutazama wewe msimuliaji. Ukichomoa ya kwanza ukaipeleka nyuma kabisa, mgongo wake sasa ndo unakutazama, na umebeba maneno ya picha ya pili. Kila kadi inabeba maneno ya picha inayofuata. Wakubwa kidogo walipoelewa hilo walikaa kama wamepewa siri ya serikali, wakaanza kuandika zao na kukosea mpangilio, picha ya simba inasomewa maneno ya harusi, kicheko kila kona.

Na kuchomoa nako kuna ufundi. Ukivuta polepole picha mpya inajitokeza kidogo kidogo, kidole, kisha mkono, kisha nani huyo! Kuna kijana kimya sana, huwa hajibu hata salamu, alivuta kadi nusu akasimama hapo hapo, akawatazama wenzake, hakuvuta tena mpaka walipopiga kelele. Hakuna aliyemfundisha hiyo.

Wiki mzigo haukufika

Msambazaji aliahidi, akaahidi tena, na mwandishi alikuwa anakuja Jumamosi. Kuwa na mwandishi bila vitabu vyake ni aibu ya duka. Tulichofanya, mwandishi alikubali, badala ya kusaini vitabu akasaini karatasi nene za kubandika ndani ya jalada, watoto wakaandikisha majina, mzigo ukija wanabandikiwa. Na kwa kuwa hakukuwa na cha kuuza, muda wote ukaenda kwenye maswali. "Unalala saa ngapi?" "Ukikosea unafutia nini?" "Kwa nini ulimuua mbuzi?" Kwa swali la mbuzi mwandishi alikaa kimya kidogo, kisha akasema hata yeye hakutaka, ila hadithi ilikuwa imekwama. Muulizaji hakuridhika na alionyesha.

Mzigo ulikuja katikati ya wiki. Siku hizi mwandishi yeyote akialikwa oda inatoka mwezi mzima kabla, na ni mali kauli, visipotoka vinarudi.

Karatasi moja, kurasa 8

Warsha rahisi kuliko zote na gharama yake ni kama hakuna. Kunja karatasi ya A4 upate mistatili 8, ifungue, ikunje nusu kwa upana, kata kwa mkasi mstari wa katikati kuanzia kwenye mkunjo hadi mkunjo unaofuata tu, usivuke, ifungue, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane, tundu la katikati linafunguka afu linalala, una kitabu. Hakuna gundi wala pini. Kosa ni moja tu, mkasi kuvuka, na watoto wote wa miaka 6 watavuka, kwa hiyo chora nukta ya kusimamia.

Hapa ndo ile habari ya kurasa 32 ilipoeleweka bila mhadhara. Mmoja akauliza kwa nini kwenye karatasi iliyofunguliwa kurasa zake zingine ziko kichwa chini, nikamwambia kiwandani ni hivo hivo, karatasi ikifunguliwa ni vurugu, ikikunjwa inakaa sawa. Akataka kukifumua kitabu cha dukani ahakikishe. Tukaongea.

Wakubwa wa miaka 11 na kuendelea

Hawa hawaji kwenye kitu chochote kinachoitwa saa ya hadithi, hata ukiwalipa. Tuliweka meza ya kubadilishana karibu na dirisha, leta kimoja beba kimoja, bila mtu mzima kusimama karibu. Inatosha.

Kadi za watoto

Niseme ukweli, hiki ndo kimeuza. Sisi tuliandika kadi zetu za kupendekeza tukazibana kwenye rafu, sentensi nzuri nzuri, "safari ya kusisimua kuhusu urafiki na ujasiri", hakuna mtoto aliyesimama kuzisoma. Tukawapa wao kadi tupu na kalamu, sharti moja: umekisoma kweli, na ruksa kusema kama kuna sehemu hukuipenda. Nanukuu chache kama zilivyo, nimerekebisha herufi tu:

"Ukurasa wa mwisho unatisha, soma mchana."

"Usisome kama mbwa wako amekufa."

"Mwanzo unaboa. Vumilia mpaka waingie pangoni."

"Nilidhani cha wasichana. Sio."

"Mama alisema nimekua sana kwa hiki lakini yeye ndo alicheka."

Watoto wanasoma hizi kadi wamechuchumaa, kimya, moja baada ya nyingine, kisha mkono unaenda kwenye kitabu. Hiyo ya "sio" imemfanya kila mvulana anayepita akichungulie kile kitabu ajue kulikoni. Kadi yetu ya kiutu uzima haina hilo onyo la ukweli, inasifia kila kitu kwa kipimo kimoja, na mtoto anajua sifa za hivyo zinatoka kwa mtu anayeuza.

Kufunga hesabu

Visivyo na maneno vimeisha vyote, oda ya pili nayo imebaki kiduchu. Vya vitu vya kweli vimetoka vizuri. Katuni sihitaji hata kuandika. Vilivyorudi kwa msambazaji vingi ni vile tulivyochagua sisi kwa sababu vina medali kwenye jalada, baadhi ni vizuri mno na nitavijaribu tena, ila safari hii viende na kadi ya mtoto kwanza. Kadi za visanduku 6 zilizorudi zimejazwa ni chache kuliko tulizogawa, na hilo halinisumbui, wengi walikuja na visanduku vitatu wakataka kuzungumzia kimoja kwa dakika ishirini.

Cha msimu ujao: viti vifupi zaidi, saa ya wadogo peke yake asubuhi, kisanduku cha kamishibai cha mbao maana cha boksi kimechoka, oda mapema.

Kadi za watoto hatuzitoi hata likizo ikiisha, zinabaki mpaka kitabu kiishe. Mtu wa msambazaji alipita juzi kuchukua vya kurudisha, akaiona ile ya "mwanzo unaboa" iko chini ya kitabu chake, akauliza kwa upole lakini uso haukuwa wa upole, mbona tunamharibia bidhaa. Nikafungua daftari nikamwonyesha kitabu hicho tumeagiza mara ngapi tangu kadi ibandikwe. Akasoma, akasoma tena, akaomba aipige picha.